Si kila cha kale ni dhahabu: Sanduku la bati la Itumbe

Ya kale ni dhahabu, watu husema. Mwandishi huyu amefunguliwa masanduku mengi ya kale katika safari zake za mashambani, na anaweza kuwahakikishia wasomaji kwamba ya kale mengine ni bati tupu, mengine ni shaba, na mengine ni balaa la kukufikisha kortini. Dhahabu imo, lakini ni haba. Na ubaya ni kwamba vyote, chenye thamani na kisicho nayo, huwa vimevaa kutu ileile na vumbi lilelile.

Wakati wa likizo familia nyingi za mjini hufunga safari kwenda kuwaamkua wazee. Watoto wakichoka kufukuza kuku huanza kuchungulia chini ya vitanda na juu ya dari. Ndipo hutokea hiki na kile: sarafu yenye tundu katikati, chuma kilichopinda, taa isiyo na kioo, bangili nzito isiyoingia mkononi. “Baba, hiki ni nini?” Baba hajui. Nyanya anajua, lakini hajaulizwa kwa miaka thelathini.

Mwezi wa Agosti nilipata mwaliko wa kwenda Itumbe, Kisii, kutazama sanduku la namna hiyo.

Kwa msomaji asiyeijua Gusii, barabara za huko hazijui kwenda sawa. Hupanda, zikashuka, zikavuka kijito, zikapanda tena. Kila kilima kimevikwa majani chai yaliyokatwa usawa kama zulia, na pale ambapo chai imeishia, migomba imeanza. Wenyeji wa mbali huijua Itumbe kwa kiwanda chake cha majani chai, na ukifika karibu nacho huhitaji kuuliza njia, kwani pua itakuongoza. Asubuhi jua huwaka vizuri tu. Ikifika alasiri mawingu hukusanyika, na mvua ikishika, tope lile jekundu humvua mtu viatu. Mgeni avae buti, na akiambiwa “ni hapo tu”, asiamini mpaka amehesabu vilima.

Jambo jingine atakaloliona mgeni ni wingi wa nyumba. Gusii ni miongoni mwa sehemu za mashambani zenye watu wengi sana nchini Kenya. Shamba la babu liligawanywa kwa wana, la wana likagawanywa kwa wajukuu, na sasa kuna vipande ambavyo ng'ombe akigeuka mkia wake uko kwa jirani. Nimelitaja hili kwa sababu ndilo linalotoa vitu vya kale mafichoni. Shamba likigawanywa, nyumba ya nyanya hubomolewa. Nyumba ikibomolewa, sanduku lililokaa chini ya kitanda miaka sitini hutolewa uani juani. Na uani, siku hizi, hakukosi mnunuzi wa vyuma kuukuu mwenye pikipiki, gunia na mizani ya kuning'iniza.

Ndivyo ilivyokuwa katika boma nililofikia. Mjukuu wa boma hilo anasoma chuo kikuu Nairobi, na mdogo wake wa kike alikuwa amerudishwa nyumbani kwa deni la karo. Mnunuzi wa vyuma alikuwa amekwisha kufika mara mbili. Mara ya kwanza alitaja bei ya kilo. Mara ya pili, ajabu, alikuja na simu akapiga picha za vitu vitatu tu, akasema hivyo atavilipia vizuri zaidi. Kijana alishtuka. Mtu anayenunua kwa kilo akianza kuchagua, basi ameona kitu ambacho wewe hujakiona.

“Mong'ina,” nilimwamkua mwenye sanduku, kwani ndivyo mama mzee anavyoitwa huko kwa heshima, “nimeambiwa una makumbusho chini ya kitanda.”

“Nina takataka, mwanangu,” akajibu. “Lakini ni takataka zangu.”

Kwanza zikatoka sarafu, zimefungwa katika kitambaa. Hapa ndipo mjukuu alipokuwa ameweka matumaini yake yote. Alikuwa amesoma mahali kwamba sarafu za mfalme Edward wa Nane ni adimu kuliko meno ya kuku, naye alikuwa amezipata si moja, bali saba: senti kumi zenye tundu, zenye pembe za ndovu zilizozunguka tundu hilo, na jina la mfalme huyo pamoja na mwaka 1936.

Aliyoyasoma ni kweli, ila ni nusu ya kweli. Edward wa Nane alitawala Uingereza kwa miezi isiyotimia kumi na moja. Mnamo Desemba 1936 alikiacha kiti cha enzi ili amwoe mwanamke aliyekuwa ametalikiwa, kabla hata hajatawazwa. Sarafu zenye sura yake hazikuwahi kutolewa kwa matumizi ya Waingereza, na ni chache mno zilizotengenezwa kwa majaribio. Moja kati yake, ya dhahabu, ilinunuliwa Januari 2020 kwa pauni milioni moja. Lakini sarafu za Afrika Mashariki zilikuwa na tundu, na penye tundu hapakai sura ya mtu. Watengenezaji hawakuhitaji kungoja picha ya mfalme. Waliandika jina lake tu, wakazichapa kwa mamilioni, zikaja kununulia chumvi na sabuni kutoka Mombasa mpaka Kampala. Ndiyo maana ziko katika masanduku ya nyanya wengi. Moja iliyochakaa huuzwa kwa wakusanyaji kwa bei ya soda, au soda mbili tatu ikiwa inang'aa kama mpya.

Kijana alinyamaza kidogo. Kisha akauliza swali zuri: basi umri wa kitu hauna maana?

Unayo, lakini hauendi peke yake. Kitu cha kale kilichotengenezwa kwa wingi, ambacho kila mtu alikitunza, hakiwezi kuwa na bei. Wala mwaka ulioandikwa si wa kuaminiwa daima. Ile riale kubwa ya fedha yenye picha ya malkia Maria Theresa, ambayo ilizunguka sana Uhabeshi, Arabuni na pwani yetu, huandikwa 1780 hata kama ilichapwa karne ya 20, kwa sababu wafanyabiashara waliizoea hivyo na hawakutaka nyingine. Ukikuta ya kwako usikimbilie kusema ina zaidi ya miaka mia mbili. Ina fedha halisi ndani yake, hiyo ni kweli, na pengine hiyo ndiyo bei yake yote.

Katika kitambaa kile mlikuwa na shilingi za Mfalme George wa Sita zenye simba. Hapa kuna siri ndogo ya kuwafaa wasomaji. Shilingi ya Afrika Mashariki tangu 1921 hadi 1946 ilikuwa na fedha robo moja. Zile za kuanzia 1948 zimetengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba na nikeli, hazina fedha hata chembe. Ukizitazama mbiombio zinafanana, hivyo uangalie mwaka. Mlikuwa pia na heller moja ya Kijerumani, yenye taji na maneno ya Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Huenda ilifika kwa biashara, huenda ilifika kwa vita, kwani mnamo Septemba 1914 Wajerumani walivuka mpaka wakaingia mji wa Kisii, wakapigana na Waingereza tarehe 12, kisha wakarudi walikotoka. Heller za kawaida si adimu. Ukipata iliyoandikwa 1916 yenye herufi T, hiyo ilichapwa Tabora wakati Wajerumani walipokuwa wamezingirwa na hawana njia ya kuletewa sarafu kutoka kwao, nayo ina hadithi ya kupendeza zaidi. Ya Mong'ina haikuwa hiyo.

Mwisho ilitoka sarafu iliyonifanya nivae miwani: florini ya 1920. Wasomaji wengi hawajawahi kuisikia, na si ajabu. Kabla ya shilingi tulitumia rupia. Mwaka 1920 serikali ya kikoloni ikaleta florini badala ya rupia, na mwaka uliofuata ikaiondoa na kuleta shilingi. Pesa iliyoishi kwa muda mfupi hivyo haikupata nafasi ya kutapakaa, na kwa hiyo mkusanyaji huilipia vizuri. Hiyo ndiyo maana ya uadimu.

Lakini ya Mong'ina ilikuwa imetobolewa karibu na ukingo. Mamake aliitia uzi akaivaa shingoni. Kwa mkusanyaji, sarafu iliyotobolewa imepoteza sehemu kubwa ya bei yake. Nilipolieleza hilo, mama mzee alicheka mpaka akashika mbavu. “Kwa hiyo mama aliiharibu kwa kuivaa? Sasa angeivaaje bila kuitoboa?”

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Vitu vingine nitavipitia haraka. Cherehani ya Singer ilikuwapo, na bado inashona sare za shule za watoto wa jirani. Cherehani hizi zina namba iliyopigwa kwenye bati lake la chini, na kwa namba hiyo, pamoja na herufi zilizo mbele yake, mtu anaweza kujua mwaka na kiwanda. Nyingi za kwetu zilitoka Clydebank, Scotland, kwenye kiwanda kilichofungwa 1980. Zilitengenezwa nyingi mno, kwa hiyo thamani yake ni ile kazi inayofanya. Wapo matapeli wanaodai kwamba ndani yake kuna zebaki nyekundu ya mamilioni. Mwaka 2009 uvumi huo ulizuka Saudi Arabia, watu wakanunua cherehani kuukuu kwa bei za wendawazimu. Zebaki hiyo haimo. Mtu akija na hadithi hiyo mlangoni pako, mwonyeshe njia.

Sahani zilikuwa nne, mbili zimeandikwa nchi zilikotoka. Maandishi ya chini ya sahani yana faida yake. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 1887 iliyodai bidhaa za kigeni zitambulishwe, na ndipo maneno ya kusema kitu kimetengenezwa Ujerumani yalipoanza kuonekana kwa wingi. Ukiona yameandikwa, ujue chombo hakikutangulia sana mwaka huo. Ukiona Japani “iliyokaliwa” na majeshi, hiyo ni kati ya 1945 na 1952. Taa ya karabai ilikuwa imepasuka tangi. Pasi ya makaa ilikuwa nzima, na nasikia mjini watu huiweka sebuleni kama pambo. Mimi nimeunguzwa na pasi kama hiyo utotoni, siwezi kuipenda.

Palikuwa pia na nyota ya shaba, ya marehemu mumewe, yenye maneno Burma Star na herufi za mfalme katikati. Askari wa King's African Rifles kutoka nchi zetu walipigana na Wajapani huko Burma mwaka 1944 na 1945. Medali za Vita Kuu ya Kwanza huwa na jina na namba ya askari ukingoni, na jina hilo ndilo huzipa bei. Nyota hizi za vita vya pili kwa kawaida hazikuandikwa jina. Kwa maneno mengine, nyota ya Mong'ina ikitoka nje ya mlango ule inakuwa nyota ya mtu yeyote. Ikiwa na kitabu chake cha kuachishwa jeshi, picha, au hata barua moja, inabaki kuwa yake. Kitabu kilikuwapo, kimeliwa na mchwa pembeni, kikiwa katika sanduku jingine pamoja na risiti za majani chai. Kijana alikiweka pamoja na nyota siku hiyohiyo.

Sasa turudi kwa vile vitu vitatu alivyovipiga picha mnunuzi.

Cha kwanza kilikuwa mafurungu, yaani bangili za miguuni, za chuma, nyembamba, nyingi kwa pamoja. Kwa Kigusii huitwa ebitinge. Hazikuwa pambo la kawaida. Mwanamke alivishwa hizo katika enyangi, sherehe kuu ya kukamilisha ndoa, na kila aliyemwona akitembea alijua kwamba huyo ni mke wa mtu kwa taratibu zote. Dini mpya na shule zilipoenea, wengi wakaziacha. Mong'ina mwenyewe aliolewa kanisani na hakuvaa. Hizi ni za mamake, yuleyule wa florini.

Chuma chake ukikitazama karibu kinajieleza. Unene hauko sawa, alama za nyundo zinaonekana, hakuna mshono wa kalibu wala alama ya kiwanda. Abagusii walikuwa na wahunzi hodari, na majembe yao yalifika hadi kwa majirani Waluo, nao wakaleta vyungu, mifugo na samaki. Mtu anayetaka kujua kama kitu cha chuma ni cha mhunzi au cha dukani aanzie hapo: atafute alama ya nyundo na kutokuwa sawa. Cha dukani ni pacha wa mwenzake, ilhali cha mhunzi hakina pacha.

Cha pili kilikuwa ekee, kikapu kilichosukwa kwa ustadi mkubwa ambacho ndani yake uliwekwa ugali wa wimbi, obokima, mbele ya wageni. Kilikuwa cheusi kwa moshi. Moshi wa namna hiyo, uliopenya kila mkunjo lakini ukapungua pale mikono iliposhika, ni vigumu kuuiga. Hapa niwaonye wasomaji kuhusu vinyago vya mawe ya sabuni vya Tabaka, ambavyo ni fahari ya Gusii na huuzwa dunia nzima. Jiwe lile ni laini, huchongeka kwa kisu, na hushika rangi yoyote. Kwa hiyo ni kitu rahisi sana kuzeeshwa kwa jioni moja. Nunua kinyago cha Tabaka kwa sababu ni kizuri na mchongaji ale. Ukiambiwa kilichongwa enzi za mababu, lipa bei ya leo.

Cha tatu ndicho kilichotushinda sote. Kilikuwa kijichuma chenye urefu wa kidole cha kati, ncha yake imepinda na kunolewa upande mmoja, na mpini wa mti uliong'aa kwa kushikwa. Mjukuu alidhani ni cha kuchongea miiko. Mimi nilidhani ni cha fundi wa ngozi. Mong'ina alisema kilikuja na mkwewe mwanamume na hakuruhusiwa kukigusa, kwa hiyo hakuuliza.

Tulimtuma kijana kwa mzee mmoja ng'ambo ya kijito, na omogaka huyo akaja na fimbo yake polepole, mvua ikimnyeshea. Alikitia kijichuma kiganjani, akakipindua, akakirudisha mezani kwa haraka. “Hiki ni cha omobari,” alisema.

Wasomaji wa Gusii watakuwa wamekwisha kuelewa. Kwa wengine, omobari ni mpasuaji wa kichwa. Mtu aliyepigwa rungu au kuangukiwa na mti, akawa haachwi na maumivu ya kichwa, alipelekwa kwake. Omobari alipasua ngozi, akakwaruza fupa la kichwa taratibu kwa vyuma vidogo kama hicho mpaka akaondoa sehemu iliyopasuka, kisha akatibu jeraha. Si hadithi za kutisha watoto. Madaktari waliosomea Ulaya walikuja wakashuhudia, wakaandika katika majarida ya utabibu kuanzia katikati ya karne ya 20, na walistaajabu jinsi wengi wa waliopasuliwa walivyopona. Ujuzi huo ulirithishwa ndani ya ukoo.

Mzee alimtaja omobari aliyekuwa na chuma hicho, na mtu mmoja aliyepasuliwa naye, ambaye aliishi akalima na kuzaa mpaka akazikwa mzee. Akaonyesha kwa kidole kilima alichokaa. Kijana aliandika yote katika daftari lake la chuo, jina, kilima, na jina la mzee aliyesema.

Hebu msomaji atazame kilichotokea hapo mezani. Saa moja kabla, kijichuma kile kilikuwa na uzito wa gramu chache kwenye mizani ya vyuma kuukuu. Mnunuzi angekipeleka mjini, akakiuza kwa mwingine, naye akamwuzia wa tatu, na mwishoni kikafika kwenye kabati la kioo ng'ambo kikiwa na kibandiko cha “chombo, Afrika Mashariki”. Hicho ndicho kilichovikuta vitu vyetu vingi. Mradi mmoja ulioshirikisha Makumbusho ya Taifa ya Kenya na makumbusho za Cologne na Frankfurt, Ujerumani, umeorodhesha zaidi ya vitu 32,000 kutoka Kenya vilivyo katika taasisi 30 za nje. Vingi kati yake vina namba, na havina jina la mtu.

Wamijikenda wanalijua jambo hili kwa uchungu. Vigango vyao, nguzo za kuwakumbuka wazee waliokufa, viliibwa usiku na kuuzwa kwa watalii na wafanyabiashara. Viwili kati ya hivyo vilirudi nyumbani mwaka 2007 kutoka makumbusho mawili ya Marekani, na vilirudi kwa sababu moja tu: mwaka 1985 mtafiti alikuwa amevipiga picha vikiwa vimesimama katika boma la mwenyewe, naye akaja kuvitambua baadaye. Bila ile picha, nani angeamini?

Sheria nayo ina neno lake. Kwa Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006, kitu kilichotengenezwa Kenya au kuletwa Kenya kabla ya 1895 ni cha kale kisheria, na hakiwezi kutolewa nchini bila kibali. Usimpe mgeni wako zawadi ya aina hiyo aipakie kwenye mkoba wa ndege. Na yale niliyosema mwanzo kuhusu korti yanahusu hasa ngozi na pembe. Katika nyumba nyingi za wazee kuna ngozi ya chui, kofia ya mbega, au kipande cha pembe ya ndovu kilichorithiwa. Tangu Sheria ya Wanyamapori ya 2013, kuwa navyo bila kibali kunaweza kukufunga, hata kama aliyemwua mnyama huyo alikuwa babu wa babu yako. Usivitangaze sokoni wala kwenye simu. Pata ushauri wa wakili, kisha wajulishe Shirika la Huduma kwa Wanyamapori.

Wanaotaka kujua kitu chao ni nini wanaweza kuuliza Makumbusho ya Taifa, Nairobi, au tawi la karibu. Kwa watu wa Gusii, Kisumu si mbali, na makumbusho ya huko yamekuwapo tangu 1980. Wasitegemee kutajiwa bei. Na kwa familia za Nairobi zinazotafuta pa kuwapeleka watoto Jumapili alasiri, kuna Nairobi Gallery, katika jengo la 1913 lililokuwa ofisi ya mkuu wa mkoa, ambamo mna makusanyo ya Joseph Murumbi. Huyu alikuwa makamu wa rais kwa muda mfupi mwaka 1966, akaondoka katika siasa akaendelea kununua vinyago, nguo, mapambo, vitabu na stempu za Afrika wakati wengine walipokuwa wakivitupa, na sehemu kubwa akaiuzia serikali ili vibaki nchini. Watazameni wanafunzi wakisimama mbele ya bangili za fedha. Watauliza ni za nani.

Jambo moja zaidi kabla sijasahau, kwa kuwa nimeona mikono mingi ikifanya hivi: usikisugue. Usisugue sarafu kwa mchanga, limau wala dawa ya meno. Usipake mpini wa kale vanishi. Mng'aro unaoupenda wewe ndio unaomfukuza mkusanyaji, na uchafu unaouondoa pengine ndio ushahidi wa kitu kilivyotumika. Kifute vumbi kwa kitambaa kikavu, ukiweke mbali na unyevu na mchwa, na uandike.

Kuhusu Itumbe, mnunuzi alirudi mara ya tatu. Aliuziwa karabai iliyopasuka, betri mbili za gari na sufuria zisizo na matako, kwa kilo. Mjukuu aliwaza sana juu ya florini, akapata mtu Nairobi wa kuinunua kwa bei ndogo ya kitu kilichotobolewa, kisha nyanyake akamwambia aitie uzi mpya amvishe mdogo wake. Karo haikutoka sandukuni. Msichana alikaa nyumbani wiki tatu, akarudi shule kwa mkopo wa jirani, na deni lenyewe likalipwa Oktoba, bonasi ya majani chai ilipotoka.

Kijichuma cha omobari kimo katika chupa ya kahawa yenye kifuniko, pamoja na karatasi iliyokunjwa. Watu wa ukoo aliotaja mzee wameomba kuja kukiona, na Mong'ina amewaambia waje Desemba, watu wote wakiwa nyumbani.